Disketi ya Nne

Kasha ni la karatasi ngumu, pembe zimelika.
Joka la juu limepauka ubavu mmoja tu,
ule uliotazama dirisha letu la Katuba.
Ndani mna disketi tano, moja haisomeki,
kijitabu cha Kifaransa chenye duara la chai ukurasa wa arobaini,
ramani ya kitambaa iliyokunjwa mara nane,
na sarafu ya ufalme ambao haukuwahi kuwepo.

Mhandisi Mbelgiji aliviacha mwaka wa tisini na moja
alipoondoka na masanduku mawili na mbwa.
Baba ndiye aliyempigia pasi mashati.
Akaisukuma ile mashine kwa toroli toka Makomeno,
kaifunika blanketi kama mgonjwa.

Umeme ulirudi saa nane za usiku.
Numbi ananitikisa bega: amka, umekuja.
Tunakaa juu ya madumu, kamusi magotini,
kamusi iliyochanika kuanzia herufi S.
Kwa hiyo mchawi wa mnara hatukumjua kazi yake,
na neno la hazina, kwa Kifaransa, lilikuwa kwenye kurasa zilizopotea.
Sijui tuliikanyaga mara ngapi.

Kisha daraja. Kisha maandishi: weka disketi ya nne.
Krr, krr, ndani ya mashine,
kama mwiko unaokwangua ukoko wa bukari.
Krr. Kimya.

Numbi akachukua daftari la miraba na biki ya buluu.
Yeye alisoma asubuhi, mimi mchana.
Nikirudi nalikuta chini ya godoro:
*Umevuka daraja. Mbele kuna mlima mweusi. Unafanya nini?*
Naandika: naupanda.
Kesho yake: *Ni lundo la takataka za shaba, mjinga wewe,
limelala kama la kwetu, lakini linapumua.*
Kurasa mia na nne. Vijiji vyenye mashangazi zetu.
Mfalme anayedaiwa kodi ya nyumba.

Alikwenda Kolwezi kuchimba, mwaka ule mvua zilichelewa.
Shimo lilimfunika Alhamisi.
Habari ilitufikia Jumatatu, na mtu aliyetaka kwanza nauli yake.

Mimi natengeneza simu, Kamalondo, kibanda cha bluu.
Kinachobaki baada ya kodi na unga kinaingia kwenye kabati.
Ramani ya pili niliipata kwa mjane wa Likasi,
alikuwa akifunikia nayo cherehani.
Bango, kwa Mgiriki aliyefunga duka.
Disketi ya nne ilikuja kutoka Ndola
ndani ya gunia la viatu vya mitumba.

Niliiweka. Ilisoma bila kukohoa.
Ng'ambo ya daraja kuna ujia mfupi, milango miwili,
na mfalme mwenye ndevu za nukta kumi na moja.
*Asante, shujaa*, basi.
Nilikaa mpaka mke wangu akauliza kama nimefiwa.

Sarafu ile, baba aliikwaruza kwa ukucha kabla hajapofuka:
shaba, akasema. Iliondoka hapa ikiwa jiwe,
imerudi ikiwa mwanasesere.
Nimeilaza kando ya noti zake za zaire, milioni tano tano,
ufalme mwingine ambao dukani hawautambui.

Sasa kuna mnunuzi wa Ulaya. Anataka vyote.
Ana orodha: kasha, kijitabu, kitambaa, sarafu.
Anasema jina lililoandikwa kwa biki ubavuni
linapunguza thamani kwa theluthi moja.
Anauliza kama linafutika.
Daftari halimo kwenye orodha yake.

Nilimwandikia kwamba nitafikiri. Sikufikiri.
Nilifungua ukurasa wa mwisho, mwandiko umeharakishwa,
nauli ya basi imehesabiwa pembeni:
*Uko mbele ya lango. Nimekuachia ufunguo, usiulize wapi.
Unafanya nini?*

Chini yake miraba mitupu.
Ilikuwa zamu yangu.
Siku ile nilicheza mpira hadi giza, nikarudi, nikalala.